Freni kwanza, amortiseri baadaye

Pale Alunguli, mbele ya kuvuka Lualaba, kinga zinazotoka upande wa Kalima unazitambua toka mbali. Mifuko ya kasiterite imefungwa ndani ya kadre, fimbo moja imefungwa kwenye gidoni, ingine imesimama nyuma ya kiti, na mwanaume anasukuma. Ametembea kama kilometa 100, amepanda na kushuka. Kupanda kunachosha. Kushuka ndiko kunaua.

Siku hizi kati ya hizo kinga kuna nyingi za VTT, okazioni ama mpya za China. Ziko na vitesi, ziko na amortiseri mbele, zingine hata chini ya kiti. Vijana wanazipenda, na wengine wanatoa Phoenix ya baba pamoja na pesa juu yake ili wapate moja. Wandugu, kama ni ya kutembelea mjini, hakuna neno. Kama ni ya kubeba madini, tusikilizane kwanza.

Uzito hauna huruma

Kasiterite safi inapita maji kwa uzito karibu mara 7. Ndiyo maana mfuko unaonekana mdogo, kumbe uko na kilo 50. Mtu anasema, naongeza kamoja tu. Lakini freni inahesabu: ukiongeza uzito wote mara mbili, freni ile ile inahitaji nafasi mara mbili ili isimamishe. Ukiacha mwendo ukaongezeka mara mbili, nafasi inakuwa mara nne. Kwenye mteremko wenye mawe na mvua, nafasi hiyo haiko.

Na amortiseri je? Resori ya VTT ilitengenezwa juu ya uzito wa mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti. Ukiweka kilo 100 ama 150 ndani ya kadre, inashuka mpaka mwisho na kubaki pale. Haichezi tena, haisaidii kitu. Ukikamata freni, mbele inainama na mzigo wote unakuja juu ya gidoni. Mirija ya furshi inayoingia moja ndani ya ingine inakula mapema, gurudumu linaanza kutikisika, na patini hazigusi janti vizuri.

Jipimie mwenyewe: kamata freni ya mbele kwa nguvu, kisha sukuma kinga mbele na nyuma. Ukisikia ko-ko-ko, kuna kitu kimelegea: ni bili za gidoni ama ni furshi yenyewe. Usishuke mlima na sauti hiyo.

Kubadilisha furshi

Kwa kinga ya mzigo, furshi ngumu ya chuma, isiyo na resori, ndiyo rafiki. Ile ya resori unaweza kuiuza ama kuibadilisha na mtu anayetembea bila mzigo. Lakini usikubali furshi yoyote unayopewa sokoni. Angalia mambo manne.

La kwanza, bomba linaloingia ndani ya kadre. Kuna la milimeta 25.4 na la milimeta 28.6. Kwa macho yanafanana. Jembamba ndani ya kadre ya nene litacheza, hata ukilijazia vipande vya bati.

La pili, urefu wa bomba hilo. Refu linaweza kukatwa. Fupi haliongezeki. Na furshi iliyopasuka usiipeleke kwa mchomeleaji: ikikatika mara ya pili, itakatika ukiwa kwenye mteremko.

La tatu, mahali pa kufungia freni. Furshi ya Phoenix haina vile vidole viwili vya kushikilia freni ya VTT. Na gurudumu la 26 ndani ya furshi ya 28 linaingia bila shida, lakini patini hazifikii janti. Wengi wanaligundua jambo hili nyumbani, muuzaji amekwisha kwenda zake.

La nne, urefu wa miguu ya furshi. Ya resori kwa kawaida ni ndefu zaidi. Ukiweka fupi sana, kinga inainama mbele na gidoni inakuwa nyepesi. Bila mzigo hutaona kitu. Ukiwa na mifuko mitatu utaona.

Zile zenye amortiseri chini ya kiti, mimi nasema hapana kwa madini. Kadre yake inajikunja katikati, pale pale tunapofunga mifuko. Bulo zake zinakula, na ikilegea hakuna wa kuikaza porini. Badilisha kinga nzima.

Freni za aina tatu

Freni ya vyuma, ya Phoenix na ndugu zake, ni rahisi kutengeneza: chuma kikipinda unakinyoosha. Udhaifu wake uko mbili. Inataka gurudumu lililonyooka, kwa hiyo rayoni zikazwe. Na janti yake ya chuma inayong'aa, ikilowa maji, patini zinateleza. Mvua ikinyesha, shuka kwa kukamata kidogo kidogo toka juu, usingoje katikati ya mlima.

Freni ya mikono miwili, ile ya VTT, inakamata vizuri ikiwa imefungwa vizuri. Patini iguse janti peke yake. Ikigusa pine, itaipasua. Ncha yake ya mbele itangulie kugusa kwa milimeta 1 hivi, haitalia. Janti ya aluminiamu inaliwa na patini: pitisha kidole, ukisikia imekuwa na shimo kama sahani, janti hiyo imekwisha, inaweza kufunguka na pine ikalia kama bunduki. Waya ukianza kutoa nyuzi, badilisha siku hiyo hiyo. Uzi mmoja ukikatika, nyingine zinafuata.

Tena kuna kosa la manete. Freni ya mikono miwili inahitaji manete inayovuta waya mrefu. Ukiifunga na manete ya freni ya zamani inayovuta mfupi, inafika kwenye gidoni mbele ya freni kukamata sawasawa. Fundi anakaza na kukaza, shida inabaki. Siyo ukazaji, ni ndoa mbaya. Kanuni ni hii: ukikamata kwa nguvu zote, kati ya manete na gidoni vidole viwili viweze kupita.

Freni ya disiki inakamata hata kwenye matope, ila adui yake ni mafuta. Sisi wa Maniema tunabeba mawese kwenye kinga zile zile. Tone moja likifika kwenye disiki, patini zinakunywa na hazirudi kuwa kama zamani. Ni kununua zingine. Janti yenyewe ikipata mawese, ioshe kwa sabuni na majivu. Na zile zenye maji ya freni, usitie ya pikipiki bila kujua: nyingi zinatumia mafuta ya madini, na maji ya pikipiki yanaharibu mipira yake.

Patini zikikosekana, kwado anakata kipande cha pine. Hatumlaumu. Hata chukudu ya Goma, ile ya mbao, inasimama kwa kipande cha pine kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Ni dawa ya kufika nyumbani. Siyo dawa ya kuanzia safari.

Nani analipa?

Wazee wetu walikuta Symétain, kisha SOMINKI toka 1976. Kampuni ilikuwa na malori yake, na freni ya lori ilikuwa shida ya kampuni. Bei ya bati ilianguka 1985, SOMINKI nayo ikaanguka katika miaka ya 1990, kisha vita vikaja. Kinga zikabeba jimbo zima: chumvi, sabuni, wagonjwa, madini. Shida ya freni ikahama kutoka kampuni ikaja kwa mtu anayesukuma.

Leo mfuko unapimwa, unaandikwa, unafungwa etiketi mbele ya kuondoka. Watu wanaujua toka shimoni mpaka ng'ambo. Kinga inayoubeba hakuna anayeiangalia, na msukumaji analipwa kwa kilo. Anayelipwa kwa kilo ataongeza kilo, na patini atazinunua siku watoto wamekwisha kula. Akianguka, mfuko unaokotwa siku hiyo hiyo. Yeye anapelekwa kwa mama watoto.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inataka mchimbaji mdogo awe ndani ya kooperative. Basi kooperative ifanye kazi hii. Karibu na mizani, pawe na kisanduku: patini, waya, bili, funguo ya 10 na ile ya pembe sita ya 5. Pawe na fundi mmoja anayelipwa kutoka makato ya kila mfuko, na makato hayo atoe negosia, siyo msukumaji. Kinga isiyokamata freni, mfuko usipande juu yake, hata kama negosia ana haraka.

Wamama, nanyi mna neno. Mbele baba hajatoka asubuhi, kamateni ile manete ya mbele, msukume kinga. Gurudumu likizunguka, mwambieni akae kwanza. Patini ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyo kwenye ile kinga.