Baraza ya Nyumba: Jua, Kivuli na Sakafu Safi

Bwana mkulima, na wewe mama wa nyumba, mvua ya vuli ikiisha na ndengu zikauzwa, watu wengi wa Gachoka huanza kufikiri habari za nyumba. Ada ya shule ikishatolewa, fedha kidogo ikabaki, mmoja husema anunue mabati mengine, na mwingine husema aongeze chumba cha pembeni ambamo familia itaketi, wageni watapokewa na watoto watasoma. Siku hizi wako hata wanaotaka chumba cha vioo, kama wanavyokiona katika picha za nyumba za Ulaya.

Wazo la kuongeza mahali pa kuketi ni zuri sana. Lakini kabla ya kumwita fundi, soma kwanza maneno haya, kwa kuwa chumba cha namna hii kikipangwa vibaya hula fedha bure, na kikitiwa moto vibaya huweza kuua watu.

Chumba cha vioo hakikufanywa kwa nchi yetu

Chumba cha vioo kilianza katika nchi za baridi. Matajiri wa Ulaya walitaka kuhifadhi michungwa yao isife wakati wa theluji, wakaijengea nyumba zenye madirisha makubwa. Huko London, katika bustani ya Kew, ilijengwa nyumba kubwa ya chuma na vioo kati ya mwaka 1844 na 1848, ili mitende na mimea mingine ya nchi za joto ipate kuishi humo. Nyumba hiyo ipo hata leo.

Kazi ya kioo ni hii: mwanga wa jua hupita na kupasha joto sakafu na vitu vilivyo ndani, kisha hewa iliyopata moto hukosa njia ya kutoka. Umepata kuingia katika gari lililoachwa juani madirisha yamefungwa? Basi chumba cha vioo katika Gachoka, mwezi wa Februari saa nane mchana, kitakuwa hivyo hivyo. Hakuna mtu atakayeketi humo.

Kinachotufaa sisi ni baraza, au veranda kama wengine waitavyo: paa zuri, sakafu safi, ukuta wa nusu, na upande mmoja au miwili iliyo wazi. Gharama yake ni ndogo, na mkulima aweza kufanya sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yake.

Tazama jua kwanza

Usijenge baraza upande wowote tu kwa kuwa ndipo penye nafasi. Gachoka iko kusini ya Ikweta, lakini kwa chini ya digrii moja. Kwa hiyo jua letu halikai upande mmoja mwaka mzima. Tangu mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Machi, jua la saa sita mchana huwa upande wa kusini. Tangu mwisho wa Machi mpaka Septemba huwa upande wa kaskazini, yaani upande uliko Mlima Kenya.

Sasa fikiri. Miezi ya joto kali ni Januari, Februari na mwanzo wa Machi, na wakati huo jua liko kusini. Miezi ya baridi na mawingu ni Juni, Julai na Agosti, na wakati huo jua liko kaskazini. Basi baraza inayotazama kaskazini hupata kivuli cha nyumba wakati wa joto, na hupata jua wakati wa baridi. Hiyo ni faida isiyolipiwa hata senti moja.

Kama hujui kaskazini ni wapi, simama nje asubuhi na unyoshe mkono wa kulia kuelekea jua linakochomoza. Uso wako unatazama kaskazini.

Upande wa magharibi ndio mbaya kuliko zote, kwa sababu jua la alasiri huingia chini ya paa na kupiga ukuta mpaka jioni. Ikiwa huna nafasi nyingine, panda mwembe mbele yake, na mpaka mwembe ukue ning'iniza mkeka au turubai. Tena angalia kuta za nyumba yako baada ya mvua kubwa. Ukuta uliolowa sana ndio upande wa upepo wa mvua, usiufungue huo.

Kipimo na paa

Baraza yenye urefu wa meta 4 na upana wa meta 2 na nusu yatosha familia. Ikiwa nyembamba kuliko hivyo, watu wakiketi hakuna njia ya kupita.

Paa lianze juu ukutani na kuteremka kuelekea nje, na mwisho wake usiwe chini ya meta 2, mtu mrefu asigonge kichwa. Ukitaka mwanga, tia bati moja tu la kupitisha mwanga. Ukitia mengi utarudisha lile joto la chumba cha vioo. Funga gata mwisho wa paa. Paa la meta mraba 10 likipata mvua ya milimeta 10 hupokea lita 100 za maji, na akina mama wanajua uzito wa kubeba lita 100 kutoka mtoni.

Mchwa wa kwetu hawana huruma. Usichimbie nguzo za mti katika udongo. Jenga kitako cha zege kilichopanda juu ya ardhi, na nguzo isimame juu yake kwa kipande cha chuma. Mbao za mukau zinajulikana kwa kushindana na mchwa, na mti huo unaota vizuri katika nchi yetu kavu.

Sakafu

Wengine husema, "Sakafu itangoja, tumalize paa kwanza." Lakini sakafu ya vumbi ndiyo makao ya funza. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika: alitoka Amerika ya Kusini, akaletwa Angola na meli mwaka 1872, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha fika Afrika ya Mashariki. Hukua katika vumbi kavu, na hushambulia zaidi miguu ya watoto na wazee. Sakafu ngumu inayofagiwa na kuoshwa humnyima mahali pa kukaa.

Fanya kazi hivi:

1. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi. Kama ni udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, uchimbe uutoe, ujaze murram, kwa sababu udongo huo huvimba na kuvunja sakafu.

2. Panga mawe kiasi cha sentimeta 15, uyashindilie, na ujaze mianya kwa murram. Tandaza juu yake karatasi nzito ya nailoni kuzuia unyevu.

3. Changanya zege kwa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Maji mengi hurahisisha kazi lakini hudhoofisha zege.

4. Mwaga zege unene wa sentimeta 10, kisha lipu ya juu ya sentimeta 2. Kwa baraza ya kipimo tulichotaja, weka tayari mifuko 9 ya saruji.

5. Sakafu iteremke nje sentimeta 2 kwa kila meta, maji yasisimame. Iwe juu ya kiwanja kwa sentimeta 15.

6. Ifunike kwa magunia na uimwagilie maji siku 7. Wengi huacha kazi hii kwa haraka, na mwaka wa pili sakafu huanza kutoa vumbi.

Joto wakati wa Julai

Hapa ndipo penye hatari. Baridi ya Julai ikija, watu hufunga baraza kwa turubai pande zote na kuingiza jiko la makaa. Makaa yasiyo na moshi huonekana kuwa salama. Si kweli. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, kisha haamki. Watu hufa hivyo usiku mmoja, wazazi na watoto pamoja.

Basi hii iwe amri katika nyumba yako: jiko la makaa lisilale pamoja na watu, hata kama makaa yamebaki kidogo. Kama unalea vifaranga kwa jiko, na hao juma la kwanza wataka joto la digrii 32 mpaka 35, uwajengee kibanda chao penye njia ya hewa, mbali na chumba cha kulala.

Joto la watu lipatikane kwa njia nyingine. Ukuta wa mawe na sakafu ya saruji vikipigwa na jua mchana huhifadhi joto na kulitoa jioni. Teremsha mkeka upande wa upepo tu, na upande mmoja ubaki wazi. Mpe bibi mzee blanketi na soksi. Kumpasha mtu joto ni rahisi kuliko kupasha hewa.

Fedha zikiwa chache, jenga kwa sehemu: mwaka huu mawe na sakafu, mwaka ujao nguzo na paa. Lakini leo saa sita mchana toka nje, tazama kivuli cha nyumba yako kinaangukia wapi, na utie kigingi hapo. Tazama tena mwezi wa Desemba na mwezi wa Juni. Fundi akija, wewe ndiwe utakayemwonyesha mahali pa kujenga.