Namna ya Kushusha Giaboksi ya Lori kwa Salama

Wanafunzi wenzangu, katika likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu mjini Iringa, ambaye kazi yake ni ufundi wa magari. Huko niliona kazi moja ambayo napenda kuwaeleza, kwa kuwa wengi wetu huenda tukawa mafundi au wenye magari, na katika kazi hii kosa dogo laweza kumwua mtu.

Asubuhi moja lililetwa lori la tani saba, likivutwa na lori jingine. Lilikuwa limebeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, na klachi yake iliungua katika mlima wa Kitonga. Klachi ni kisahani kinachokaa kati ya injini na giaboksi. Hubanwa kwa springi kwenye gurudumu zito la injini liitwalo flaiwili, na kwa nguvu ya msuguano, ile tuliyoisoma darasani, mzunguko wa injini hupita kwenda magurudumuni. Dereva akipanda mlima huku mguu wake umelalia pedeli, kisahani huteleza, hushika moto na kwisha. Ili kukifikia, sharti giaboksi ishushwe. Giaboksi ya lori kama lile hupita kilo 100, na ya malori makubwa ya kuvuta tela hupita kilo 250.

Siku ile jeki ya kushushia giaboksi ilikuwa imeazimwa na fundi wa mtaa wa pili. Mwenye vitunguu akaona anacheleweshwa, akasema, "Fundi, ninao vijana wanne hapa. Mmoja alale chini aipokee kwa kifua, wengine washike pembeni. Mbona kwingine hufanya hivyo?"

Mjomba alimwonyesha mkono wake wa kushoto, ambao kidole cha kati hakina ncha. Akasema, "Tajiri, siku hiyo nasi tulikuwa wanne. Mimi nilipata bahati. Yule aliyelala chini hakutembea tena." Kisha akanigeukia, "Mpwa wangu, nenda ukalete jeki." Nikaenda, na kazi ikaanza saa nane mchana.

Kwanza, lori liliwekwa juu ya sakafu ya saruji iliyo sawasawa, tukatia kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Jambo hili lina sababu kubwa. Katika malori mengi ya namna ile, breki ya mkono hukamata propela, yaani ule mti wa chuma unaotoka kwenye giaboksi kwenda ekseli ya nyuma. Ukiisha kuifungua propela, breki ya mkono haizuii kitu tena, na lori laweza kutembea juu yako.

Pili, tulifungua waya wa betri, tukainua mbele ya lori kwa jeki na kuliegemeza juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Kinachoshikilia ni stendi. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake.

Tatu, mjomba alitia alama kwenye propela ili irudi kama ilivyokuwa, akaitoa. Kisha akafungua nyaya, fimbo za gia na silinda ya klachi.

Nne, kabla ya kulegeza bolti kubwa hata moja, jeki ya giaboksi iliwekwa chini yake, giaboksi ikafungwa juu yake kwa mnyororo. Injini nayo iliegemezwa kwa nyuma isije ikainama. Ndipo bolti zikatolewa, lakini mbili za juu ziliachwa mpaka mwisho. Mahali pa bolti mbili za kando zilitiwa fimbo ndefu zenye nyuzi za bolti, ili giaboksi ipate kuteleza juu yake na kurudi nyuma moja kwa moja. Isiachwe ining'inie kwa shafti yake, maana shafti au kisahani vitaharibika. Tulipokwisha kuivuta, tukaishusha polepole. Hapana aliyekuwa chini yake, wala aliyetia vidole katika upenyo.

Vumbi la ndani halikupulizwa; lilifutwa kwa kitambaa kibichi, kwa sababu vumbi la visahani, hasa vya zamani, laweza kudhuru mapafu. Beringi ya kusukumia klachi ilibadilishwa pia, na uso wa flaiwili ukakaguliwa kama una nyufa.

Wakati wa kurudisha, mimi nilitaka kukosea. Upenyo kama wa kidole ulibaki kati ya giaboksi na injini, nikashika spana ili niivute kwa kukaza bolti. Mjomba akanizuia mkono. "Ikikataa kuingia, kuna kitu hakijaelekeana. Ukilazimisha utapasua nyumba ya giaboksi." Akazungusha shafti kidogo, akapandisha jeki kidogo, na giaboksi ikaingia yenyewe mpaka ikagusana na injini. Hapo ndipo tulipokaza bolti.

Lori liliondoka asubuhi ya pili, na vitunguu vilikuwa vizima. Mwenye mzigo alipoagana na mjomba, alimshika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, asiseme neno.

Basi, wenzangu, mkisikia mtu akisema kwamba vijana wanne wenye nguvu hutosha, kumbukeni kwamba nguvu za watu huchoka na mikono yenye mafuta huteleza, lakini uzito wa chuma haupungui hata kidogo. Kusubiri jeki kulitugharimu nusu siku tu.