Aliondoka Mtoto, Amerudi Mtu Mzima



Mwaka jana tuliitwa katika nyumba moja mtaani kwetu tukasuluhishe. Binti wa miaka 24 alikuwa amerejea kutoka Saudia baada ya mkataba wa miaka 2 wa kazi za nyumbani. Kila mwezi alimtumia babake fedha za kumnunulia kiwanja. Aliporudi, kiwanja hakikuwapo. Fedha zilikuwa zimenunua pikipiki ya kakake na kulisha nyumba. Na posa yake ilikwisha kupokelewa pasi na yeye kujua.

Baba akatukumbusha hadithi ya mwana na mali yake kuwa vya babake. Tuliona haya, kwani sisi ndio tuliomwombea binti dua siku ya safari, na hatukuuliza fedha zitakazokuja zitakuwa za nani.

Hadithi hiyo ipo. Lakini wanazuoni wengi wameieleza kwamba baba mhitaji huchukua kiasi cha haja yake bila kumdhuru mwana. Haimfanyi kuwa mmiliki. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamuru walezi wawakabidhi mayatima mali yao wakishabaleghe na kuonekana kuwa na rushdi. Ikiwa yatima ana haki hiyo katika mali aliyorithi, itakuwaje kwa binti aliyeichuma kwa jasho lake?

Rushdi, kwa madhehebu yetu ya Shafii, ni kutengenea katika dini na katika mali. Binti huyu aliipata mbali nasi: jikoni mwa watu, akiamka kabla ya alfajiri, akihifadhi sala zake, akihesabu riali moja moja. Alikua tusimwone. Machoni petu alibaki yule mtoto tuliyemsindikiza uwanja wa ndege.

Wazazi wenzetu, kabla mwana hajasafiri, na afunguliwe akaunti kwa jina lake. Iandikwe ipi ni fedha ya kuisaidia nyumba na ipi ni amana yake. Akija mposaji, aulizwe mwenyewe, japo kwa simu, Mtume (s.a.w.) ameagiza bikira aombwe idhini.

Baba yule aliinamisha kichwa. Posa imerudishwa, na kila Ijumaa pikipiki humletea binti fungu lake. Kiwanja bado.

Mola atupe macho ya kuwaona wana wetu wanapokuwa wakubwa. Wabillahi tawfiq.