Maziwa Hayafukuzi Sumu

Mavuno yakishaingia, katika mitaa yetu ya Lizaboni na Majengo hapa Songea magunia ya mahindi hupangwa hadi vyumbani tunamolala. Kisha hutafutwa dawa ya kumzuia dumuzi. Leo nataka tuelezane kwa nini dawa inayomuua mdudu inaweza kumuua pia mwenye gunia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita shemeji yangu alikuja kwangu na gari la jioni, akitoka kupulizia dawa kahawa huko Mbinga kwa bomba lililokuwa likimvujia mgongoni. Alikuwa akitokwa jasho, mate na machozi, na misuli ya mapaja ikimchezacheza. Mimi, mtu wa redio, nikaagiza maziwa. Tukamnywesha, tukakaa tukimtazama. Akatapika, kifua kikaanza kukoroma. Tulipoteza saa nzima kabla ya kumpeleka hospitali. Alipona, lakini swali la daktari sijalisahau: "Dawa imeingilia mgongoni, bwana. Hayo maziwa yalikuwa yanaifuata wapi?"

Ukweli ni huu. Mshipa wa fahamu haugusani na msuli. Kati yao kuna upenyo mdogo mno. Amri ya ubongo ikifika mwisho wa mshipa, hutolewa kemikali iitwayo asetilikolini. Hiyo huvuka upenyo na kufungua vijilango kwenye utando wa msuli. Chembe za sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya mezani, huingia kwa kasi, nao msuli hujikunja. Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha kwa mioyo miwili ya vyura kwamba mishipa hupeleka habari kwa kemikali. Yeye na Henry Dale walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Amri ikishafika, asetilikolini lazima iondolewe mara moja. Mfagiaji wake ni kimeng'enya kinachovunja maelfu ya molekuli kwa sekunde moja. Sumu za jamii ya oganofosfeti humfunga mfagiaji huyo mikono. Asetilikolini hurundikana, tezi humwaga mate na jasho bila kukoma, mboni za macho husinyaa kama tundu la sindano, na misuli hutetemeka mpaka inalegea. Misuli ya kupumulia ikilegea, mtu hufa.

Poda ya Actellic Super, waliyoizoea wakulima wengi katika vita dhidi ya dumuzi, au Scania kama wengine wanavyomwita, ilichanganya silaha mbili. Pirimifosi-methili humfunga mfagiaji. Permethrini huzuia vijilango vya sodiamu visifunge upesi. Mwili wa mtu huhimili kiasi kidogo cha dawa hizo vizuri zaidi kuliko wa mdudu, ndiyo maana kipimo huandikwa kwenye pakiti. Lakini dawa ya kupulizia shambani si dawa ya ghalani, wala si ya kunguni, wala si ya chawa kichwani mwa mtoto. Na chupa yake isiwekwe mafuta ya taa wala maji.

Akipatwa mtu, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, nawe ujikinge mikono. Usimlazimishe kutapika. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na ubebe chupa au pakiti ili daktari asome jina la dawa. Huko atapewa atropini, inayozuia asetilikolini kwenye tezi na moyo. Hata hiyo haiamshi misuli iliyolegea, kwa hiyo huenda akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Ndiyo sababu kila dakika ina thamani.

Shemeji yangu bado analima kahawa. Bomba lile linalovuja alilitupa. Nami maziwa nimeyaachia chai.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.