Seva ya Nane: Nafasi ya Mchakato katika Usimamizi wa Huduma za Teknolojia ya Habari

Aghalabu huduma ya tarakilishi inapokwama, lawama humwangukia mtu au mtambo. Mwanafunzi anayeshindwa kujisajili kwa mtihani usiku wa mwisho atasema mtandao ni mbovu, au fundi amelala. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ikiwa palikuwapo utaratibu wowote uliomwongoza fundi huyo. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba swali hilo ndilo lenye uzito zaidi, kwa kurejelea kisa kimoja kilichotokea Marekani mwaka wa 2012.

Kabla ya kukifikia kisa chenyewe, yafaa tufafanue istilahi. Mchakato ni mfuatano wa hatua zilizokubaliwa na kuandikwa, unaosimamiwa na mtu anayejulikana, unaoanza kwa jambo fulani na kuishia kwenye tokeo linaloweza kupimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Uingereza ilianza kukusanya maelezo ya michakato ya aina hii, na mkusanyo huo ukaja kujulikana kwa jina ITIL.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kinachovutia katika ITIL ni namna inavyoainisha maana. Sisi katika mazungumzo ya kila siku husema tu kwamba kuna shida. ITIL hutofautisha tukio, tatizo na badiliko. Tukio ni kukatika au kudorora kwa huduma, na anayelishughulikia hulenga kuirejesha huduma upesi, hata kwa njia ya muda. Tatizo ni chanzo kilichojificha nyuma ya tukio moja au mengi. Kukitafuta huhitaji utulivu, pengine wa siku kadhaa. Badiliko ni chochote kinachoongezwa, kinachorekebishwa au kinachoondolewa ambacho chaweza kuiathiri huduma. Anayechanganya tukio na tatizo huenda akachunguza chanzo ilhali watu wamejaa foleni, au akaiwasha upya seva ile ile kila Jumatatu bila kujiuliza kwa nini huzimika. (Mwandishi wa makala haya amewahi kuishi na Jumatatu kama hizo.)

Sasa tuitazame kampuni ya Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa mitambo. Mwishoni mwa Julai 2012 ilikuwa ikiweka programu mpya katika seva zake nane. Fundi aliinakili katika seva saba, ya nane ikamponyoka. Humo ilisalia programu kongwe ambayo kampuni iliacha kuitumia mwaka wa 2003 lakini haikuifuta. Isitoshe, programu mpya ilitumia ishara ile ile iliyokuwa ikiiamsha ile kongwe. Soko lilipofunguliwa tarehe 1 Agosti, kongwe ikaamka na kutuma maagizo pasi na kikomo. Katika muda wa dakika 45 hivi ilikamilisha miamala zaidi ya milioni 4, na hasara ikazidi dola milioni 460.

Tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani ilitoa uamuzi wake Oktoba 2013 na kuitoza kampuni faini ya dola milioni 12. Uamuzi huo haukukomea kwa fundi. Ulibainisha kwamba hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka fundi wa pili aikague kazi ya mwenzake. Fauka ya hayo, kabla ya soko kufunguliwa mitambo ilikuwa imetuma barua pepe 97 zilizotaja hitilafu; hazikukusudiwa kuwa tahadhari, na hapana aliyezichukulia hatua. Kibaya zaidi ni kwamba katika hamaniko hilo wahandisi waliiondoa programu mpya kutoka seva saba zilizokuwa timamu, na kongwe ikaamka huko pia. Walilijibu tukio kwa badiliko lisilopimwa, ilhali tatizo lenyewe hawakuwa wamelitambua.

Wapo wanaodai kuwa mchakato huzaa urasimu, fomu juu ya fomu. Hoja hii haistahili kupuuzwa. ITIL yenyewe huruhusu mabadiliko madogo ya mara kwa mara yaidhinishwe kwa jumla mapema, na toleo lake la 2019 lilihamisha mkazo kutoka kwa michakato hadi kwa desturi za kazi 34, zinazojumuisha watu na vifaa pia. Hata hivyo, si kila hatua iliyoandikwa ni urasimu. Knight Capital ilihitaji orodha ya mistari minane na mtu wa pili wa kuipitia. Vyuo vyetu navyo sasa hupokea karo, husajili wanafunzi na hutoa matokeo kwa tarakilishi. Mwanafunzi atakayekwama usiku wa mwisho wa usajili ana haki ya kuuliza ni badiliko gani lililofanywa jioni hiyo, nani aliliidhinisha, na limeandikwa wapi.