Nani Anachunga Watoto ku Kambi?

Vakansi kubwa inakaribia. Wengine wanawaza kambi ya watoto ni hema na kuimba tu. Tuangalie ile ya Baden-Powell ku kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi wa 8 mwaka wa 1907. Watoto wanaume walikuwa karibu 20 tu: wamoja wa masomo ya watajiri, wengine wa watu wa kazi. Mtoto wa tajiri alilipa pauni 1; mwenzake shilingi 3 na peni 6. Kisha akawachanganya wote mu vikundi 4, bila kuuliza baba ya mtu ni nani.

Wakubwa walikuwa wachache: rafiki yake McLaren na wengine kidogo. Asubuhi aliwaamsha na pembe ya tandala, iliyotoka huku Afrika! Lakini njo siri: kila kikundi kilichungwa na kijana mwenzao, si muzee. Kijana huyo alijua wadogo wake wakikosa, ni yeye atajibu.

Basi sisi wa Kisenge, tukitaka kambi mu kipwa, tuulizane kwanza: mtoto asiye na feza atalipa ngapi, na nani atajibu juu yake usiku?