Taa ya pikipiki ikizimika, balbu husingiziwa

DEREVA wa bodaboda anayempeleka abiria Peramiho kutoka Songea mjini jua likizama, hurudi gizani. Taa ya mbele ikizimika njiani, haoni shimo wala mtembea kwa miguu, na mwenye lori anayetoka upande wa pili hajui kwamba mbele yake kuna pikipiki.

Kosa linalojirudia ni kukimbilia duka la vipuri kununua balbu. Ikiungua baada ya siku mbili hununuliwa nyingine, na muuzaji hulaumiwa kwamba anauza bidhaa feki. Huenda ni kweli, lakini balbu zinazoungua kwa kufuatana mara nyingi ni dalili ya ubovu wa regyuleta.

Kifaa hicho hupunguza umeme unaozalishwa na sumaku na koili za injini. Fundi hupima betri kwa mita injini ikiwa inanguruma: kipimo kikiwa kati ya volti 13.5 na 14.5, chaji ni nzuri. Kikipita 15, regyuleta imeshindwa kazi, na kila balbu itakayofungwa itaungua.

Kabla ya kufika huko, dereva anaweza kujipimia mwenyewe. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili, ilhali honi na indiketa hutegemea betri. Ndiyo maana mwanga hufifia injini ikiwa taratibu na kung'aa resi ikipigwa. Basi honi ikilia vizuri lakini taa ya mbele haiwaki, kubadilisha betri ni kutupa fedha. Honi na indiketa zikinyamaza, fyuzi ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Fyuzi iliyokatika haizibwi kwa waya wala karatasi ya sigara. Imekatika ili kuzuia nyaya zisiungue, na palipo na nyaya pana tangi la petroli.

Masika huleta balaa lake. Maji na tope huingia kwenye viungio vya nyaya, kutu ikashika mahali waya wa ethi unapofungwa kwenye fremu, na mwanga ukawa hafifu au wa kuwakawaka. Dawa yake ni msasa na kukaza bolti, kazi ya dakika chache. Aidha, nyaya zinazopita shingoni mwa usukani hukatika ndani kwa ndani kwa sababu hukunjwa kila pikipiki inapokata kona. Taa ikizimika usukani ukigeuzwa upande mmoja, hapo ndipo pa kutafuta.

Baadhi ya madereva hufunga balbu yenye wati nyingi kuliko ile ya kiwandani, ambayo aghalabu ni ya wati 35. Barabara huonekana vizuri kwa muda, kisha soketi huyeyuka.

Dereva aliyekwama porini bado ana jaribio moja kabla ya kuanza kusukuma. Balbu nyingi za pikipiki zina nyuzi mbili, mmoja wa mwanga wa chini na mwingine wa mwanga mkali. Swichi ikigeuzwa, uzi wa pili huenda ukawaka, naye akaendesha polepole hadi kwa fundi.